Mkia wa Ngiri

Wanyama walipokuwa wakishindana mbio kwa timu za wawili wawili, Nyani alikuwa na timu ya Mbuni na Ngiri, akiiamrisha kutoka juu ya kichuguu. Desturi yake ilikuwa moja. Ngiri atangulie kwenye tope la matete, mkia juu, ili Mbuni aufuate. Wakishavuka, Nyani hupiga kelele na Ngiri humpisha mwenzake akashinde.

"Mkuu, mwaka huu niache na mimi nishindane," Ngiri alimwomba.

"Wewe ni wa pili," Nyani akamjibu. "Wa pili hupisha."

Moyoni Ngiri alishaapa kwamba u-wa-pili umemtosha. Siku ya mbio alitimka kwa nguvu zake zote, hata Nyani akaingiwa na hofu kwamba akishavuka tope hatakubali kupisha. Basi akaamuru mapema, kabla ya matete: "Ngiri! Mpishe sasa hivi!"

Ngiri alisaga meno, akapisha.

Mbuni akampita akicheka, akajitosa topeni. Kumbe miaka yote alikuwa akiujua mkia tu, njia haijui! Hatua ya tatu akazama hadi magotini. Ngiri akaushusha mkia, akapita kando yake, palipo pagumu alipopazoea.

"Simama umsubiri!" Nyani alifoka.

"Ndugu yangu, inua basi mkia niuone!" Mbuni akalia.

"Nimeshakupisha," Ngiri akasema bila kugeuka, na mkia hakuuinua mpaka alipovuka mstari wa ushindi.