Magoti Mapya ya Bi Mwanakheri

"Magoti haya ya bandia yana wiki tatu tu, lakini yananitii kuliko watoto niliowazaa," alijigamba Bi Mwanakheri.

"Daktari kakukataza kukaa chini, mama," alijibu Saumu, mke wa mwanawe. "Nikikukuta juu ya mbuzi ya nazi, naigawa kwa jirani leo leo."

Saumu akatoka kwenda dukani. Wiki tatu za tui la pakiti! Bi Mwanakheri aliliegemeza gongo lake la kutembelea mlangoni, akajishusha juu ya mbuzi yake, akakuna nazi mpaka vifuu vyote viwili vikabaki vitupu.

Alipotaka kuinuka, magoti yakagoma. Akayabembeleza, akayatukana, yote mawili, la kulia zaidi. Wapi!

Mlango ukafunguliwa. Saumu akasimama na gongo mkononi.

"Mama!"

"Usinipigie kelele, mwanangu. Ningeshainuka zamani, namalizia tu."

Saumu akakitazama kifuu kitupu alichoshika mama mkwe. "Unamalizia nini?"

Bi Mwanakheri alikigandamiza kifuu kwenye meno ya mbuzi. Aliinamisha kichwa, akaendelea kukuna, na chenga za kahawia zikaanza kudondoka juu ya nazi nyeupe.