Kwenye Ukingo wa Kreta

"Nimeoa mke mwingine," mumewe alisema, huku amepiga goti akimfunga Sabiha kamba za kiatu.

Walikuwa juu ya ukingo wa kreta, shimo la mlima wa volkano, katika nchi kame isiyo na mti wala jani, mbali sana na kwao Kaole. Kiongozi na wapandaji wenzao walikuwa wametangulia kidogo. Upepo ulipuliza majivu hadi kwenye meno.

"Lini?"

"Mwezi wa Rajabu."

Sabiha alivitazama vidole vya mumewe. Vilipiga fundo taratibu, kwa upole, kama vya mtu asiye na kosa.

"Kwa nini hukuniambia nyumbani?"

"Nyumbani ungepiga kelele. Kaka zako wangejaa uani. Hapa tunaongea kistaarabu."

Kumbe ndiyo maana ya safari hii! Naye alikuwa amewaringia mashoga zake wiki nzima kwamba mume wake anamthamini.

Hasira zilimpanda hadi masikio yakawaka. Aliuchomoa mguu mikononi mwa mumewe, akawageukia waliotangulia.

"Jamani, simameni!" alipaza sauti. "Rudini hapa. Mume wangu ana habari ya kuwaambia."