Koti la Kiti cha Nyumba

Mkoani kwao kila nyumba ilikuwa na kiti kimoja kwenye ndege za uokoaji, na waliorusha ndege hizo waliitwa watu wa kujitolea. Rubani akifa, nyumba yake hujaza kiti.

Matanga ya mumewe hayajaondolewa, Subilaga akamwona kamanda wa kata mlangoni na koti la marehemu, limefuliwa na kupigwa pasi.

"Pole, Mama Atuganile. Mkoa unashukuru. Binti ataripoti lini?"

"Koti litampwaya."

"Si wewe ni fundi cherehani?"

Subilaga akalipunguza mabegani. Kitambaa kilichozidi hakukikata. Alikikunja ndani ya mshono, maana baada ya Atuganile angebaki yeye tu, na mabega yake yalikuwa mapana.