Kichwa cha Mgeni

Harufu ya matope yaliyooza ilimpokea Shekue, aliyekuja likizo kutoka kazini huko juu mtoni, pale mto unapoingia baharini, kabla shangazi yake hajamwona. Kijiji kilikuwa kimya, nzi tu ndio waliokuwa na shughuli.

Shangazi alimpakulia kichwa cha samaki, heshima ya mgeni, akakipasua mbele yake. Ndani ya mashavu, badala ya wekundu, palikuwa na buluu. Shekue akajivuta nyuma, mikono ikiwa mifukoni.

"Usiogope, mwanangu. Ni rangi ya kile kiwanda cha vitambaa huko juu mtoni. Sisi tumeshazoea, tunakula."

Akaleta birika na beseni amnawishe. Shekue alikawia kutoa mikono. Alipoitoa, kucha zote kumi zilikuwa buluu ileile.

Shangazi alizitazama. Alimimina tu, akamimina, mpaka birika likawa tupu.