Profesa Kwanini Hana Swali

Bwana Tumbombele, Mama Chumvinyingi na Profesa Kwanini walikalia kiti kimoja. Wote watatu walikuwa mtu mmoja: mwandishi wa jarida la vichekesho aliyejaza kurasa tatu kwa majina hayo, mwembamba kama kamba ya kiatu.

Leo alikuwa amerudi kazini baada ya msiba. Akapewa pole, akakaa. Kufika adhuhuri, Tumbombele alishamtafuna waziri mzimamzima, na Mama Chumvinyingi alishamgombanisha mtu na mkwewe. Ukurasa wa Profesa tu ndio uliokuwa mtupu.

Mhariri akaja kumsimamia kichwani.

"Kaka, mtambo unangoja. Swali moja tu."

"Sina."

"Wewe? Si wewe uliyeuliza, 'Kwa nini waheshimiwa wanalala bungeni, kwani kwao hakuna vitanda?' Wasomaji walilikata, wakalibandika ukutani!"

"Nalikumbuka," mwandishi alisema. "Nilikuwa nakunywa chai. Nusura inipalie."

"Hee! Yaani unajitekenya halafu unacheka mwenyewe?"

Mwandishi alitabasamu kidogo. "Na lile la barabara mpya. 'Kwa nini mvua ikija inaondoka nayo?' Siku hiyo tulichelewa kulala."

Mchoraji akadakia kutoka meza ya pili, penseli sikioni. "Nipeni mimi huo uprofesa bwana! Maswali yenyewe hata mtoto anauliza."

"Usimguse!"

Mwandishi alikuwa ameshasimama, kiti chali sakafuni. Wenzake wote wakageuka. Tangu waajiriwe pamoja, hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

Mhariri alikiinua kiti, akamkalisha taratibu, akavuta cha kwake karibu.

"Basi, ndugu yangu. Hakuna atakayemgusa. Lakini nikiacha ukurasa mtupu, wenye jarida watampa muuza magodoro aweke tangazo, na Profesa ndiyo kwaheri. Sasa sikiliza. Maswali yakiisha, mkuze. Andika kwamba amepevuka, ameacha utoto, siku hizi anatoa majibu. Watampenda vilevile."

Mwandishi aliweka vidole kwenye vitufe. Akaandika "Profesa Kwanini". Akafuta. Akaandika tena.

"Profesa ni binti yangu, bosi," alisema. "Tumemzika bado ana pengo la meno ya utoto. Nitamkuzaje?"