Ufunguo Mkononi mwa Rais

Luvenia alinyoosha mikono yenye minyororo. Mwigizaji aliyevikwa ndevu za rais akainama mbele yake, ufunguo mkononi. Kamera ilikuwa inarekodi.

Asubuhi hiyo alikuwa amemwambia mwongozaji wa filamu kwamba jambo hili halikutokea. Rais alitia saini tangazo la kuwaachia huru watumwa, ndiyo, lakini hakupita mashambani Virginia akiwafungua mmoja mmoja.

"Bibi yake bibi yangu alijikomboa mwenyewe," alisema. "Alivuka mto huo hapo na mtoto mgongoni, akakimbilia kambi ya askari waliopigana na mabwana wa watumwa. Rais hata hakuwahi kukanyaga mashamba haya."

"Najua, Bi Luvenia," mwongozaji alijibu kwa upole. "Lakini filamu ni ya rais. Watu wanakuja kulia."

"Basi waulilie ukweli."

"Wewe lia tu, mama, kisha useme maneno yako. Historia niachie mimi."

Maneno ya Luvenia katika filamu yalikuwa mawili tu: "Asante, baba." Alikuwa amesubiri miaka mingi apewe hata hayo.

Minyororo ilikuwa ya chuma kweli, na ilikuwa imemchubua vifundo vya mikono. Sasa yule mwigizaji wa rais alimtazama usoni, akingoja machozi.

Luvenia akaunyakua ufunguo kutoka vidoleni mwake. Akauzungusha mwenyewe kwenye kufuli, mnyororo ukaanguka matopeni.

"Kata!" mwongozaji alipiga kelele. "Nimesema kata!"

Luvenia alikwisha kumgeukia mwanamume aliyefungwa kando yake.

"Shika, kaka," alimwambia. "Fungua."

Mpiga kamera hakuzima.