Dakika Kumi za Wifi

Msusi alikuwa mtu wa riwaya nene. Hadithi fupi alizidharau waziwazi: utamu ukianza kukolea, zimekwisha. Leo, wifi yake akiwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, alikifungua kile kitabu cha hadithi fupi alichopewa naye, apate tu la kukosoa.

Kengele ya mashine ikalia. Nywele zimekauka. Lakini mjane wa kwenye hadithi ndiyo kwanza ameshika kitasa cha mlango.

Bila haya, msusi akaongeza dakika kumi.

"Wifi, bado tu? Masikio yanaiva huku."

"Tulia. Nywele zako nzito."

Mjane akafungua mlango. Msusi akashusha pumzi ndefu, akazipapasa kurasa zilizobaki, kisha akakitazama kichwa cha wifi yake.

"Unajua," akasema, "hizi nywele tuzioshe upya."